Panya Kumi na Watatu na Safu ya Baba

Jumapili, mwezi wa tano. Saa tisa alasiri.

Mvua haijaamua. Tangu asubuhi Uluguru imejifunika ukungu mpaka chini kabisa, mgeni akisimama hapa kwa Mama Mkubwa hawezi kujua kama kuna mlima. Sketi yangu ya shule imeanikwa barazani toka jana na bado inanuka unyevu. Nimekaa kitandani, daftari la panya liko mapajani, penseli mkononi, kifutio kimeisha nusu.

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianze na lililo baya.

Nimeharibu kila kitu.

Kwa ninyi wachache mnaopitaga hapa kwenye blogu yangu kusoma: niko kidato cha tatu, na mwezi wa sita tunapangwa upya. Walio mkiani kwenye Fizikia, Kemia na Hisabati wanatolewa mchepuo wa sayansi, wanapelekwa sanaa. Mimi niko mkiani. Mwezi wa tatu mwalimu wa taaluma aliniita ofisini akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba labda sayansi si yangu. Nikaitikia "ndiyo mwalimu" kama mtu aliyeulizwa kama anataka maji.

Madam Kessy, anayetufundisha Baiolojia, ndiye aliyenitetea. Alisema nina mkono mzuri wa kazi, kwamba mradi wangu na Zuhura, mwenzangu wa darasa, ukipita kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa, niachwe nilipo. Mwalimu wa taaluma akakubali. Maonyesho ni Jumanne. Yaani keshokutwa.

Nataka kubaki sayansi kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote. Sababu yenyewe ni ya aibu kidogo. Darasani sauti yangu haitoki. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nilikuwa wa kawaida tu, si wa kwanza si wa mwisho. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, na mimi nikawa mtu anayeelewa swali wakati wenzake wameshajibu na kucheka. Lakini maabara hakuna anayekulazimisha uongee. Darubini haikuulizi kitu. Unainama, unaona, unaandika.

Basi. Mradi wetu ni huu: je, wepesi wa kujifunza unarithiwa?

Mji wetu watu wanaujua kwa panya buku, wale wakubwa wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa. Wetu si hao. Wetu ni panya wadogo weupe wa maabara, wa saizi ya kidole gumba, ambao dada mmoja mtafiti wa chuo alimpa Madam Kessy mwezi wa kwanza, majike na madume, wanane. Fundi seremala wa jirani akatutengenezea boksi la plaiwudi lenye kona nyingi na njia zisizo na mwisho, sisi tunaliita nyumba ya kona. Upande mmoja unamweka panya, upande wa pili kuna siagi ya karanga. Unahesabu amekosea kona mara ngapi kabla hajafika. Siku kumi mfululizo, kila panya.

Wengine siku ya nne walikuwa wanakimbia moja kwa moja kama wana ramani. Wengine siku ya kumi bado wanagonga pua ukuta uleule.

Majike tuliwapa majina ya mitaa. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote tulimwita Bigwa. Aliyekuwa mzito kuliko wote tulimwita Kihonda, na Zuhura anayeishi Kihonda alinuna siku nzima. Madume hatukuwapa majina. Dume la kwanza, dume la pili, basi. La kwanza jepesi, la pili zito, tukawatofautisha kwa alama ya wino mkiani.

Sikuliona hilo wakati ule. Kwamba hatukuwapa majina.

Mpango ulikuwa rahisi. Bigwa na dume jepesi ndoo moja, Kihonda na dume zito ndoo nyingine, wazae, watoto wakikua tuwapitishe kwenye nyumba ya kona. Mimi ndiye mwenye daftari. Zuhura ndiye mwenye mdomo, yeye ataeleza mbele ya majaji kwa Kiingereza chake cha kuteleza, mimi nitasimama pembeni nikiwa nimeshika daftari. Tulipatana hivyo toka mwanzo na nilishukuru.

Walizaliwa kumi na watatu. Saba wa Bigwa, sita wa Kihonda. Uchi, wekundu, kama punje za maharage. Nilikuwa nawabadilishia pumba za mpunga kila asubuhi kabla ya kengele, na kurudi tena baada ya vipindi. Sijawahi kuchelewa hata siku moja. Nalisema hili ili mjue sikuwa mzembe.

Wiki mbili zilizopita tuliwapima. Wa Bigwa walikosea kidogo. Wa Kihonda walikosea sana, isipokuwa mmoja mwenye sikio lililokunjika ambaye alipita kama upepo, Zuhura akasema huyo tumtoe anachafua grafu. Hatukumtoa. Grafu ilitoka nzuri hata hivyo. Mihimili mifupi upande huu, mirefu upande ule. Zuhura akaandika kwenye bango, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba uwezo wa kujifunza unatoka kwa mama.

Mimi ndiye niliyepaka rangi zile herufi.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho sijamwambia mtu. Wakati napaka rangi nilikuwa najipaka mwenyewe. Mama yangu yuko Matombo, analima ndizi na viungo, na darasa la saba alifeli. Kaka yangu alifeli kidato cha pili. Mama Mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenichukua nikiwa na miaka sita nije nisome mjini, na kila nikileta ripoti anaishika kwa mbali kama kitu cha moto, anasema, bila ubaya wowote, "Ah, sisi kwetu shule haituingii." Anacheka. Anaenda kupika.

Na sisi Waluguru mtoto ni wa mama. Ukoo ni wa mama, tunauita lukolo, shamba linatoka kwa mama, anayekusemea kwenye mambo yako ni mjomba. Baba ni mtu anayeheshimiwa akiwepo. Wangu hakuwepo. Kwenye fomu za shule pale pa mzazi wa kiume anajazwa mjomba, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa hiyo nilikuwa napaka rangi herufi nikijua kwamba nimejijibu. Mimi ni mtoto wa Kihonda. Nimefanya utafiti wa miezi minne kuthibitisha kwamba mwalimu wa taaluma yuko sahihi.

Halafu ikaja Ijumaa.

Ijumaa yule dada wa chuo alikuja kutuangalia kabla ya maonyesho. Si mtu wa kutisha. Anavaa viatu vya raba na anaongea Kiswahili muda wote, hata maneno ya genetiki anayaeleza kwa Kiswahili, mpaka nikajisikia mtu. Akasifu grafu. Akasifu mwandiko. Akafungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye jedwali la watoto, akapitisha kidole juu ya safu zote: namba, jinsia, alama, mama.

"Na baba zao?" akauliza.

Nilidhani anatania.

Akageuza ukurasa, akarudi. "Koleta, safu ya baba iko wapi?"

Haikuwepo. Si kwamba ilikuwa tupu. Sikuwahi kuichora. Jedwali zima nilichora mwenyewe kwa rula, mwezi wa tatu, nikaona limekamilika. Mtoto wa nani? Wa Bigwa. Wa nani? Wa Kihonda. Nilitosheka. Kichwani kwangu hakukuwa na swali lingine.

Akaniambia si neno, nichore sasa hivi, dume la kwanza kwa Bigwa, la pili kwa Kihonda, si ndivyo?

Lakini si ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa pili ndoo ya Kihonda ilipasuka. Ilikuwa Jumamosi, maabara imefungwa, mimi peke yangu na ufunguo wa Madam. Nikawahamishia wote kwenye ndoo ya Bigwa, nikaweka wavu juu, nikasema Jumanne nitapata ndoo nyingine. Siku tatu wamekaa pamoja, majike mawili na madume mawili. Madume yalipigana mpaka yakachubuana mikia na ile alama ya wino ikafutika. Jumanne nilipowatenganisha nilimtafuta Bigwa vizuri, nikamtafuta Kihonda vizuri, nikahakikisha mara mbili. Madume nikayachukua tu, moja huku, moja kule.

Sikuandika popote. Niliona ni mambo ya usafi. Kama mtu anavyohamisha kuku.

Sikumwambia yule dada. Nilisema "ndiyo." Sauti ilitoka yenyewe. Yeye akaendelea kueleza, wala si kwa kunikaripia, kwamba nusu ya mtoto inatoka kwa baba, kwa panya kama kwa watu, kwa hiyo ukijua mama tu umesoma nusu ya barua. Akaongeza kwamba hata ukijua wote wawili bado kuna nani aliyewalea, na ndoo ilikaa wapi, na kwamba wenzake chuoni huwa wanabadilishana vichanga, mtoto wa mama mzito ananyonyeshwa na mama mwepesi, ili waone kipi ni damu na kipi ni malezi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nilikuwa namfikiria Mama Mkubwa na ripoti yangu mkononi mwake.

Jana nilimwambia Zuhura ukweli. Tulikuwa maabara tunalisha. Zuhura akaacha kulisha, akanigeukia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea," akasema. "Chora safu, jaza. Bigwa dume la kwanza, Kihonda dume la pili. Hao ni panya, Kole, hawana vyeti vya kuzaliwa. Nani atawauliza?"

Nikasema lakini si kweli.

"Unajua wewe si kweli? Inaweza ikawa kweli. Hujui." Halafu akashusha sauti. "Mimi sayansi nabaki hata bila hili. Ni wewe ndiyo unatafutiwa mlango, na wewe ndiyo unaufunga. Acha ushamba."

Hakusema kwa chuki. Alikuwa karibu kulia. Amefanya mazoezi ya maelezo yake mbele ya kioo wiki nzima, dada yake kanitumia mpaka video.

Na jambo baya ni kwamba ana hoja. Inaweza ikawa kweli. Jana jioni nilirudi nikachora safu, kwa penseli, nikajaza. Kumi na tatu. Ilipendeza. Jedwali likaonekana kama la kitabu. Nililitazama muda mrefu, na nikahisi nafuu, kisha nafuu ikaisha, kwa sababu niligundua ninachokifanya: natunga uongo ili bango liseme kwa uhakika kwamba mtoto wa mama mzito ni mzito. Naghushi hukumu yangu mwenyewe. Ili nibaki kwenye darasa ambalo hukumu hiyo inasema si langu.

Nani anafanya hivyo? Mtu mwenye akili anafanya hivyo?

Leo baada ya misa nikampigia mama. Matombo mtandao unashika ukipanda karibu na kanisa, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yake. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mvua, nikauliza ndizi. Halafu nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kuuliza maisha yangu yote.

"Mama, baba alisoma mpaka wapi?"

Nilisikia watu wanatoka kanisani nyuma yake, mtoto analia, mtu anamwita mtu.

"Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza. Panya, ndoo, safu. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele. Hakunikatiza.

"Sijui," akasema mwisho. "Hakuniambia, sikumuuliza. Alikuja na watu wa kujenga barabara, akaondoka na watu wa barabara. Wewe ulikuwa wetu, ningemuuliza ya nini?"

Nikamuuliza, na yeye je, ni kweli alifeli.

"Nilifeli. Mara mbili. Ya pili nilirudia." Alisema hivyohivyo, kama anayetaja bei ya ndizi. Kisha akauliza: "Kwa hiyo hao panya wamesema una akili au huna?"

"Hawajasema kitu, mama. Nimewaharibu."

"Ungeniuliza mimi."

"Ungesemaje?"

"Ningesema mkaidi. Akili sijui, mimi si mwalimu. Ulipokuwa mdogo ukinihesabia mikungu ukikosea hulali, unarudi shambani kuhesabu tena, na giza limeingia, mjomba wako anakufuata na fimbo." Akacheka kidogo. "Sasa hesabu imekosewa. Unaniuliza ufanye nini?"

Salio likakatika, au mtandao, sijui. Hakupiga tena. Ningependa kusema maneno yake yalinituliza. Hayakunituliza. Nilijifungia chooni nikalia mpaka Mama Mkubwa akagonga kuuliza kama nina tumbo.

Nilichotaka ni aniambie kwamba baba alikuwa mwalimu. Au daktari. Au kwamba yeye hakufeli, kwamba ni watu walisema. Nilitaka safu yangu ijazwe na kitu kizuri. Badala yake upande mmoja alifeli mara mbili, upande wa pili haujulikani, na haujulikani kwa sababu hakuna aliyeona ni kitu cha kujua. Mimi mwenyewe sikuona. Nilipochora lile jedwali sikuwa nimesahau. Sikusahau kitu. Nilichora dunia kama nilivyoikuta.

Yule dada alisema nusu ya barua.

Nimekaa na hilo toka saa sita. Nusu ya barua yangu mimi ni mzee wa barabara ambaye simjui, na sina namna ya kumjua. Inaweza ikawa ni yeye aliyenipa hizi Hisabati za asilimia kumi na nane. Inaweza ikawa ni yeye aliyenipa mikono. Siwezi kuandika chochote pale bila kutunga. Na kama kwangu siwezi, kwa panya nimewezaje?

Nimefuta.

Zote kumi na tatu, ndiyo maana kifutio kimeisha nusu. Karatasi imechubuka namba sita na namba tisa. Na juu yake, kwa kalamu ya wino safari hii, nimeandika "haijulikani", mstari kwa mstari. Chini ya jedwali nimeandika habari ya ndoo: Jumamosi, siku tatu, alama ilifutika, ni mimi. Nimeandika kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe nadhani kina makosa lakini kinaeleweka.

Nimeupiga picha ukurasa nikamtumia Zuhura. Ameona. Tiki mbili za bluu, dakika arobaini zikapita. Kisha amejibu neno moja tu: "Sawa." Na Zuhura akiandika sawa peke yake, si sawa.

Najua kinachokuja. Bango haliwezi kusimama kama lilivyo. Madam Kessy anaweza kuutoa mradi kabisa, na ana haki. Zuhura atakuwa amefanya mazoezi bure kwa sababu yangu. Mwalimu wa taaluma atasema aliona mapema. Mwezi wa sita nitabeba kiti changu kwenda upande wa pili wa uwanja, kidato cha tatu B, na wale wa B watauliza kwa nini nimehamishwa, na mimi sitakuwa na sauti ya kujibu.

Najaribu kuona upande mzuri, nimeshindwa. Kuna kitu kimoja tu, kidogo, wala sijui kama ni kizuri. Zile herufi nilizopaka rangi si kweli. Labda zingeweza kuwa kweli, lakini sisi hatujui, mimi na Zuhura na panya kumi na watatu hatujui. Hakuna aliyethibitisha kitu juu ya mtoto wa Kihonda. Juu yangu pia hakuna.

Ila ndiyo najua nikiwa nimechelewa, kama kawaida yangu. Swali limeulizwa mwezi wa kwanza, mimi naelewa mwezi wa tano.

Mama Mkubwa ananiita nikatwange karanga. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jirani.

Kesho Madam Kessy anafika saa moja kasoro, kabla ya mstarini. Nitamsubiri mlangoni. Nimejaribu kupanga maneno, Kiswahili na Kiingereza, hakuna yanayokaa. Kwa hiyo nimeamua nitasema shikamoo, na nitampa daftari likiwa limefunguliwa ukurasa ule. Halafu sitakimbia. Nitasimama palepale mpaka amalize kusoma.